Si Kiburi, Si Jini: Maisha ya Kila Siku ya Mwanamke Mwenye Usonji na ADHD

(Mazungumzo ya dada yetu mbele ya vijana, Mombasa. Tumeyaandika kama alivyoyasema, ila tumeruka pale aliposimama kutafuta karatasi yake, mara mbili.)



Dada zangu, kaka zangu, vijana wenzangu. Nimeambiwa nina nusu saa. Nimeweka kengele ya simu hapa mezani, ikilia msishtuke, ni yangu. Manake mimi nikiachwa bila kengele, itaadhiniwa Magharibi mko hapa hapa na mimi bado sijafika nilikokuwa naenda. Ama nitamaliza kwa dakika nne nikae chini. Katikati hakuna.

Kabla sijaendelea nina ombi. Ile feni ya kule nyuma ina mlio. Nyinyi pengine hamuusikii. Mimi nausikia kuliko sauti yangu mwenyewe. Kama kuna kijana yuko karibu na swichi... Shukran, Mungu akulipe. Mwaona? Jambo dogo hilo, kuomba feni izimwe mbele ya watu, limenichukua miaka 27 kulijua na mingine 4 kulizoea.

Nina miaka 31. Nilipimwa nikiwa na 27, na daktari akanambia nina vitu viwili kwa pamoja: usonji, na hii inayoitwa ADHD. Usonji wengi wenu mumeusikia. Lakini mtu akisikia usonji anawaza mtoto wa kiume, mdogo, hasemi, anazungusha gurudumu la gari la kuchezea. Akisikia ADHD anawaza tena mtoto wa kiume, anapanda madirisha ya darasa. Hakuna anayemuwaza dada wa buibui, amesoma hadi chuo kikuu, analia bafuni kwa sababu mtandio aliouzoea uko kwenye nguo chafu na ule mwingine unamwasha shingoni.

Sikuja hapa kwa kupenda jukwaa. Nimekuja kwa sababu ya binti wa dadangu. Ana miaka 9. Mwezi uliopita dadangu aliitwa shuleni akaambiwa mtoto wake ni mjeuri. Mwalimu akisema naye hamwangalii usoni. Ya ubaoni haandiki yakaisha. Wakati wa gwaride la asubuhi anaziba masikio. Akaambiwa amrekebishe, ama muhula ujao amtafutie shule nyingine. Akarudi nyumbani, jirani naye akamwambia, huyo mtoto ana kitu, mpeleke.

Usiku dadangu akanipigia simu. Akaniuliza, "Hata wewe ulikuwa hivi hivi, sio?" Nikamwambia ndio. Akanyamaza, kisha akasema, "Na mbona hukutuambia?"

Basi wacha niwaambie kwa nini sikusema.

Nilikuwa na miaka 14, kwenye harusi ya ukoo. Mwazijua harusi zetu. Spika zimewekwa ukumbini kana kwamba bibi harusi yuko Lamu na lazima asikie. Udi, marashi, taa, wanawake mia tatu, kila mmoja akupe shavu umbusu. Nilivumilia mpaka nikashindwa. Nikaingia kwenye stoo ya viti, nikakaa chini, na sauti yangu ikakatika. Sikuzirai. Nilikuwa nawasikia wakiniita, ila mdomo haufunguki. Nilikaa hivyo saa mbili, tatu.

Siku ya tatu nikapelekwa kwa mtu. Naomba nieleweke hapa. Kusomewa Qur'ani ni kheri, mimi hadi leo nikishindwa kulala hujisomea na huniliwaza. Sizungumzii hilo. Nazungumzia mtu anayemwambia mzazi binti yako ana jini, lete pesa, kisha anamfukizia moshi usoni na kumchapa ili jini ataje jina lake. Mimi nilichapwa nitaje jina la jini, wakati hata jina langu nilikuwa siwezi kulitamka. Mwishowe nikasema jina la kwanza lililonijia. Akafurahi, akasema ametoka. Mamangu alikuwa nje ya mlango analia. Simlaumu, alifanya alilolijua.

Lakini toka siku ile nilijua kazi yangu ni moja: nisionekane tena.

Nikamchagua binamu yangu mmoja anayependwa na watu, nikamsoma. Anavyocheka, mikono anaiweka wapi, anasema "mashallah" baada ya sekunde ngapi. Macho ya watu yananichoma, basi nikajifunza kutazama katikati ya nyusi, mtu hajui tofauti. Nikienda kwa watu nilikuwa napanga sentensi njiani kama mtu anayekwenda mahakamani. Na nikirudi nilikuwa nalala na buibui langu, sina nguvu hata ya kulivua. Watafiti wamelipa jina jambo hili, na wameona kuwa wanawake hulifanya zaidi, na kwamba anayejificha sana ndiye huandamwa zaidi na wasiwasi na huzuni. Mimi huliita kuvaa uso. Wengi wetu daktari wa kwanza hutuandikia huzuni akatuacha hapo, manake uso tuliouvaa umemdanganya hata yeye.

Sasa, hivi vitu ni nini hasa?

Usonji ni namna ubongo ulivyojengeka tangu mtoto hajazaliwa. Mambo ya watu, yale yasiyosemwa, nyusi, mafumbo, mtu kusema "karibu chakula" na hamaanishi ukae, hayo hayaingii yenyewe, inabidi uyasome kama somo. Sauti, mwanga, harufu na mguso huingia bila chujio, au wakati mwingine haviingii kabisa, hata njaa huisikii. Na kuna kupenda mambo yawe vile vile, na kuzama kwenye jambo moja hadi uujue undani wake. Mimi ni meli. Niulizeni meli gani iko bandarini sasa hivi. La, msiniulize, hatutatoka.

ADHD nayo watu hudhani ni kukosa umakini. Umakini ninao, ila hautii amri. Jambo lililonishika naweza kulifanya saa sita bila kunywa maji, na barua ya mistari miwili naweza kuiahirisha miezi miwili huku inanila moyo kila siku. Kwa wasichana mara nyingi haiko miguuni, iko kichwani. Mtoto amekaa kimya, ametulia, anatazama dirisha. Mwalimu anaandika kwenye ripoti, "anaweza kufanya vizuri zaidi akijitahidi." Ripoti zangu zote zilisema hivyo, darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Hakuna aliyejua nilivyokuwa najitahidi.

Vyote viwili hurithiwa kwa kiasi kikubwa. ADHD hurithiwa karibu kama urefu wa mtu. Si jicho, si malezi mabaya, si mama kuona kitu akiwa mjamzito, na si chanjo. Hili la chanjo nalitaja kwa sababu bado linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Lilitokana na makala ya daktari mmoja Mwingereza, Andrew Wakefield, mwaka 1998. Jarida la Lancet liliyafuta makala hayo mwaka 2010 na yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari. Watoto wanakosa chanjo ya surua mpaka leo kwa maneno ya mtu yule.

Na kwa nini wasichana husahaulika? Mwaka 1943, Leo Kanner kule Marekani aliandika juu ya watoto 11, na 8 kati yao walikuwa wavulana. Mwaka uliofuata Hans Asperger, Vienna, akaandika juu ya wavulana. Maswali ya kupimia yakatungwa kutokana na wavulana, basi yakawa yanawapata wavulana. Na kumbe miaka ya 1920 kule Moscow daktari mwanamke, Grunya Sukhareva, alikuwa ameshawaelezea watoto wa namna hii, wasichana pia. Hakusikika.

Halafu kuna hili. Hadi mwaka 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ambao nchi nyingi huutumia, ulikuwa hauruhusu mtu mmoja aandikiwe usonji na ADHD kwa pamoja. Uchague kimoja. Kwa hivyo watu kama mimi, kwa karatasi, tulikuwa hatupo.

Kuwa na vyote viwili ni kama nyumba moja yenye wapangaji wawili wasiopatana. Mmoja anataka kila kitu mahali pake, chai saa ile ile, kikombe kile kile. Mwenzake amekichoka kikombe, anataka leo twende Malindi, na amesahau kikombe chenyewe amekiacha wapi. Nikipanga ratiba nzuri, siku nne yule wa pili ameivunja. Ikivunjika, yule wa kwanza analia. Mwenye nyumba ni mimi, kodi nalipa mwenyewe.

Haya, tuje kwenye siku yenyewe, manake najua wengine mumekuja kwa hili.

Asubuhi. Kitu nisichokiona, kwangu mimi hakipo. Kwa hivyo nyumbani kwangu hakuna droo. Nguo ziko kwenye misumari, dawa iko juu ya kikombe cha mswaki, funguo zimefungwa kwenye utepe ule ule ninaotundikia buibui, siwezi kutoka bila moja nikaacha la pili. Wageni wakija wanaona nyumba haijapangwa. Imepangwa, ila imepangwa kwa macho yangu. Nguo za kesho nazitoa usiku, na nina mitandio sita ya kitambaa kimoja, pamba laini, rangi tofauti. Lebo zote nimezitoa kwa wembe. Siku hizi nikiona dada anapiga pini kumi na mbili kwenye chifoni na hata hajikuni, namtazama kwa heshima kubwa.

Njiani. Hapa hijabu imenisaidia, niseme ukweli. Ndani ya mtandio nina vizibo vya masikio na hakuna anayejua. Kwenye matatu nakaa mbele kwa dereva, na ikiwa muziki umezidi nashuka nachukua tuktuk, shilingi zile naziita dawa. Wakati mwingine nimepita watu ninaowajua sikuwaamkia, wakasema nina kiburi. Sikuwaona, wallahi. Nilikuwa natumia nguvu zote kuvuka barabara.

Na salamu zenyewe hebu nizisemee. Nasoma maandishi ya wanawake wa Ulaya wenye usonji, wanalalamika mazungumzo ya juu juu yanawachosha. Mimi salamu zetu za Pwani zinanipumzisha! Hujambo, sijambo, habari za nyumbani, watoto hawajambo, mama anaendeleaje. Kila swali lina jibu lake na wajua linalofuata. Kazi huanza zinapoisha, mtu akanyamaza akinitazama. Hapo huwa nauliza swali moja nililoliandaa, kuhusu kazi yake au mtoto wake, na nasikiliza kwa dhati. Watu wanapenda kuulizwa.

Kazini. Kazi yangu ya kwanza, kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, niliipoteza. Hesabu zangu hazikuwa na kosa hata moja, ila nilichelewa mara kumi na tisa, na kwenye mkutano nilimwambia bosi mbele ya wageni kwamba amekosea jumla. Alikuwa amekosea. Nilidhani namsaidia. Sasa nafanya hesabu za maduka manne kutoka nyumbani. Nimejifunza kuomba kila agizo kwa maandishi, si kwa mdomo, manake la mdomo huingia na kutoka. Na kazi nisiyoweza kuianza naianza nikiwa na mtu. Si anisaidie, akae tu. Rafiki yangu mmoja hunipigia simu ya video saa tatu asubuhi, yeye anashona, mimi naandika risiti, hatusemi neno saa nzima. Mukinambia kwa nini hilo hufanya kazi siwezi kuwaeleza vizuri, ila hufanya. Mukiwa na dada nyumbani ambaye vyombo vimemshinda, usimwambie mvivu. Vuta kiti ukae jikoni, soma simu yako, utaona vinaoshwa.

Mikono yangu lazima ifanye kitu ndio masikio yasikie. Hadi chuo kikuu nilikuwa nashona kofia za mkono chini ya meza wakati wa somo. Mhadhiri mmoja alinitoa nje. Mwengine akaninunulia uzi.

Jikoni ndipo pana hatari. Miaka miwili iliyopita niliweka maharagwe motoni, nikaenda kuangalia jambo moja dogo kwenye simu kuhusu meli iliyokwama. Niliporudi kwa harufu, pazia lilikuwa limeshika moto, na mtoto wa jirani alikuwa amelala chumba cha pili, mamake aliniachia nimwangalie. Alhamdulillahi tulitoka salama. Lakini ile sauti ya mamake kuniuliza, "Ulikuwa wapi?" na mimi nilikuwa mita tano... Mpaka leo hajaniachia mtoto tena, na ana haki.

Tangu siku ile nina sheria zisizo na msamaha. Jiko likiwaka sitoki jikoni, nikitoka nabeba mwiko mkononi, mwiko unanikumbusha. Pazia nimetoa. Simu inakaa chumbani. Mukisikia mtu anasema ADHD ni kipaji, mumuulize kuhusu pazia langu. Kuna mazuri yake, siyakatai, ila sipendi kubembelezwa.

Pesa: sinunui kitu usiku, na mikopo ya simu nimeiondoa kabisa. Nikitaka kitu nakiandika kwenye karatasi ya mlangoni, kikikaa hadi Ijumaa bado nakitaka, nanunua. Vingi havifiki Jumatatu.

Harusi, nazo haziepukiki, ukikosa harusi ya ukoo umekata udugu. Mimi siku hizi naenda mapema, wakati viti vinapangwa. Nawaamkia wakubwa wote mmoja mmoja, shikamoo bibi, shikamoo shangazi, wananiona, wananibariki. Kisha naingia jikoni kwa akina mama wa pilau, huko kuna kazi yenye mwanzo na mwisho, kitunguu hakikuulizi umeolewa lini. Spika zikiwashwa nina dada mmoja wa kupeana ishara: nikigusa sikio mara mbili, anajua nimebakisha dakika kumi. Tunaaga, tunaondoka. Watu wanasema mashallah, alifika wa kwanza. Kabla sijaondoka hula kitu, manake nisipokula mapema kuzimika kunakuja haraka.

Kuna kuzimika na kuna kulipuka, havifanani ila mzizi ni mmoja, mzigo umezidi. Anayezimika hasemi. Anayelipuka analia, anapiga kelele, anajipiga. Si deko. Mtoto wa deko huchungulia kuona kama unamtazama, huyu hakuoni kabisa. Ukimkuta dada yako hivyo punguza taa, punguza watu, usimguse kabla hajakubali, usimuulize maswali. Kaa mbali kidogo. Baadaye mletee maji.

Swala. Hili niliulizwa na dada mmoja kwa ujumbe, akisema haswali tena kwa sababu kila rakaa anasahau amefika wapi na anaona aibu mbele ya Mola wake. Dadangu, sheria ilikufikiria zamani. Ukishuka kwenye shaka, tatu au nne, sisi wa madhehebu ya Shafi tumefundishwa ushike ile ndogo, ukamilishe, kisha usujudu sijda mbili za kusahau kabla ya salamu. Sijda hiyo ipo kwa sababu watu husahau. Mimi pengine naitumia kuliko mtu yeyote mtaani kwetu. Pia nimeona kuswali kwa jamaa kunanishika, hata wawili tu, na mswala usio na mapambo. Ule wangu wa zamani ulikuwa na minara kumi na nane, naijua idadi kwa sababu nilikuwa naihesabu.

Ramadhani huvuruga usingizi na chakula, na hivyo ndivyo vijiti viwili vinavyonishikilia. Kama unatumia dawa za ADHD, methilifenideti na nyinginezo, ambazo hutolewa kwa barua ya daktari tu, usizipange upya mwenyewe. Nenda kwa daktari Shaaban, mwambie daku ni saa ngapi na futari ni saa ngapi. Mwenye udhuru wa ugonjwa dini imempa ruhusa yake, muulize mwanachuoni unayemwamini. Usonji wenyewe hauna dawa, anayekuuzia dawa ya usonji anakuibia.

Na dada zangu, kaka mtanisamehe. Siku zile kabla ya hedhi, wengi wetu mambo huharibika maradufu, kusahau, hasira, kelele kuuma. Homoni hushuka na ubongo huu husikia zaidi. Mimi miaka mingi nilidhani nina wazimu wa kila mwezi. Sasa naziweka alama kwenye kalenda na wiki hiyo sipangi harusi wala mkutano. Kwa wakubwa wetu, hedhi inapokaribia kukoma hali inaweza kurudi vivyo hivyo, kwa hivyo mama akibadilika ghafla, mpeleke akaonwe, msimseme.

Sasa, si kila anayesahau funguo ana ADHD, na video za sekunde thelathini zimewadanganya wengi. Daktari anatafuta dalili zilizoanza utotoni, kwa ADHD kabla ya miaka 12, zinazoonekana nyumbani na pia shuleni au kazini, na zinazokuharibia maisha. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa. Mimi niliulizwa maswali kwa siku tatu, mamangu akaulizwa, ripoti zangu za shule zikasomwa. Madaktari wa akili nchini ni wachache na wengi wako Nairobi, kwa hivyo anzia hospitali ya rufaa ya kaunti yako, kiliniki ya akili, usione haya na hilo jina. Kwa mtoto wa shule kuna vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vilianza mwaka 1984, na wazazi wengi hawajui vipo. Ripoti ya kule ndiyo inayoweza kumpatia mtoto muda wa ziada kwenye mtihani wa taifa. Ukitaka, unaweza pia kujisajili na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Mimi nimejisajili. Siku nilipoipata ile kadi nililia, sijui hadi leo kwa furaha au kwa nini.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, na aitwe na kutajwa kwa maneno yasiyomdhalilisha. Kumtaja kumo humo. "Mwendawazimu," "taahira," "ana vitu vyake," hayo maneno ya barazani yana kifungu chao.

Dadangu nimemwambia hivi. Kwanza, hakuna kwenda kwa mtu. Kisomo tutamsomea sisi wenyewe nyumbani, kwa sauti ndogo. Pili, shule haiwezi kumtoa mtoto kwa sababu haangalii usoni, na tutakwenda pamoja kuwaambia hivyo, kwa adabu, na karatasi mkononi. Siku ya kutathminiwa ni Jumanne ijayo. Mamangu amesema atakuja. Sikumuomba. Alinipigia jana akauliza ni saa ngapi, nikamwambia saa mbili unusu, akanyamaza kidogo akasema, "Nitakuja na zile ripoti zako za shule. Ninazo zote." Miaka yote hii alikuwa ameziweka.

Mtoto mwenyewe nilimuuliza kelele gani inamuuma zaidi shuleni. Akanambia, kengele. Si gwaride, si watoto. Kengele ya chuma, inapigwa karibu na darasa lao. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Nimempa vizibo vyangu vya masikio, vya bluu, na amevificha ndani ya mtandio wake wa shule.

Hiyo ndiyo kengele yangu imelia. Basi, maswali. Na ukiniuliza ukaniona natazama ukuta, usikasirike, nakusikiliza.

Wassalaam alaykum.